Chungu cha Bibi na Fuvu la Kalenga: Nani Msimulizi?

Wahakiki wetu wana tabia moja. Wakimkuta bibi katika riwaya au tamthilia, haraka haraka wanaandika kwamba mhusika huyu anawakilisha ukale, kisha wanafunua ukurasa. Wakikutana na kitu cha urithi, uwe mkuki, kigoda au chungu, wanaandika kwamba ni ishara ya mila. Mwanafunzi anapata maksi zake, mhadhiri anatia vema, kazi imekwisha.

Makala haya yanaipinga tabia hiyo. Ninachodai ni kwamba kitu cha urithi na kumbukumbu za mzee aliyekiacha ni kazi moja ya fasihi simulizi, yenye fanani, hadhira na shabaha yake. Asiyeuliza ni nani aliyesimulia, kwa nani, na ili apate nini, huyo bado hajahakiki.

Tuanze na urithi mashuhuri kuliko wote katika Nyanda za Juu Kusini, yaani fuvu la Mtwa Mkwawa lililopo katika makumbusho ya Kalenga, karibu na mji wa Iringa. Historia yake inajulikana. Mkwawa alijiua kwa risasi Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Kichwa chake kikakatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani. Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa 1919 iliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikageuka miaka thelathini na mitano. Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, ambako mafuvu yalipimwa na vipimo kulinganishwa na vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai. Fuvu lililochaguliwa likaletwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, likapokelewa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake. Wanahistoria wameendelea kuhoji kama kweli ndilo lenyewe.

Mimi hapa sibishani juu ya mfupa. Nauliza habari ya masimulizi. Adam Sapi alizaliwa 1920, zaidi ya miaka ishirini baada ya babu yake kufa. Hakuwahi kukaa naye, wala kutumwa maji naye, wala kuchapwa naye. Alirithi kitu ambacho hakikuambatana na kumbukumbu yoyote ya utotoni. Na siku ile kitu hicho kilipofika, aliyekuwa fanani mkuu jukwaani ni gavana wa kikoloni! Huko Kenya vita vya Mau Mau vilikuwa vimepamba moto, na Waingereza walikuwa wanautaka sana utiifu wa Wahehe. Basi fuvu la mtu aliyekataa kutawaliwa likasimuliwa kwa shabaha ya watawala. Kitu ni kilekile, ila msimulizi alikuwa mwingine na hadhira ikapewa maana nyingine.

Kwa mtazamo huu ndipo naona umuhimu wa tamthilia ya M. M. Mulokozi, Mukwava wa Uhehe (1979). Wengi tumeisoma kama tamthilia ya kihistoria tu, tukahesabu dhamira zake: ukombozi, umoja, usaliti. Hayo yamo. Lakini kifani, jambo kubwa ni kwamba mtunzi amemrudishia babu usemi wake. Kalenga tunatazama kitu kilichonyamaza ndani ya kioo. Jukwaani, mtu yuleyule anasema na kujibiwa. Tamthilia imejaribu kufanya kazi ambayo babu angeifanya mwenyewe kwa wajukuu zake jioni, kama angeachwa azeeke.

Upande wa pili wa suala hili uko katika Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein. Hapo yupo bibi yake Juma, ambaye enzi yake ilikatwa na Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Yeye ni kinyume cha Kalenga: mali imekwenda, kumbukumbu zimebaki. Lakini jamani, tusimwonee huruma kabla ya kumhakiki. Anayoyakumbuka ni makuu ya tabaka, na anayesikiliza ni kijana anayepaswa kuishi katika dunia nyingine. Bibi anaweza kukupenda kweli, na katika upendo huohuo akakurithisha madai yake. Kumbukumbu tamu si lazima iwe kumbukumbu isiyo na shabaha.

Mfano wa tatu hauna kitabu. Ni wa nyumbani kwetu Iyunga, Mbeya, jirani na reli ya TAZARA. Bibi yangu alitoka Kyela, akaja Iyunga kumfuata babu aliyepata kazi wakati reli inajengwa. Alikuwa na chungu kikubwa cha Wakisi, wale wafinyanzi wa Ikombe, pwani ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa Matema. Sie wajukuu tulikuwa tunakaa jikoni kusubiri maharage, naye anasimulia jinsi chungu kilivyovuka ziwa kwenye mtumbwi wakati wa dhoruba, watu wakitupa mizigo majini lakini yeye amekikumbatia. Tulikuwa tunaomba arudie hapo penye mawimbi.

Nilipokua nikasikia akiwasimulia shangazi zangu chungu kilekile. Dhoruba haikuwemo. Waliyoisikia wao ilikuwa habari ya mpunga: kwamba alikinunua kwa mpunga wake mwenyewe, wa kukijaza mpaka mdomoni, kutoka shamba alilolima kwa mkono wake, bila kumwomba mume hata senti. Kila aliporudia alisisitiza neno "wangu".

Alipofariki, baada ya matanga, wazee wa ukoo walikaa kugawa vitu. Hoja ilikuwa kwamba vyombo vyote vya nyumba ni vya babu, kwa hiyo vinakwenda kwa wana wa kiume. Chungu wakati huo kilikuwa kimeshawekwa uani, kuku wananywea. Shangazi mkubwa akasimama akaisimulia habari ya mpunga, neno kwa neno, kama alivyoipokea. Pakawa kimya. Chungu kikaenda kwa mabinti.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bibi hakuwa na daftari, ila alikuwa na hadithi, na aliiweka kwa watu ambao siku moja wangeihitaji. Sisi watoto alitupa dhoruba kwa kuwa tulihitaji kuburudika. Binti zake aliwapa ushahidi. Mhakiki atakayesema bibi huyu anawakilisha ukale atakuwa amepitwa kabisa, maana katika ukoo ule ni yeye aliyekuwa akipinga desturi ya zamani, tena akiwa jikoni.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya familia, si fasihi, na kwamba mapenzi ya mjukuu yanampofusha mhakiki. Nakubali kwamba mapenzi hupofusha. Dawa yake ni maswali yaleyale tunayofundishwa kila siku kuhusu fanani na hadhira, tuyaulize hata kwa wale tunaowapenda. Na kuhusu hoja ya familia, hata fuvu la Kalenga ni la familia kabla ya kuwa la taifa.

Kwa hiyo, wenzangu mnaotafuta mada za tasnifu, mkienda likizo makwenu msiishie kuandika orodha ya vitu na methali. Kaeni jikoni. Sikilizeni hadithi ya kitu kimoja ikisimuliwa kwa watoto, kisha kwa wakwe, kisha kwa mgeni, mwandike kinachoongezwa na kinachoachwa. Vyungu vinavunjika na mafuvu yanaweza kubadilishwa. Tukipoteza na masimulizi, mwingine atasimama kutusimulia vitu vyetu kwa faida yake, kama gavana alivyofanya pale Kalenga.