Kichwa cha Treni Juu ya Kabati

Kukusanya vichwa vidogo vya treni za dizeli si mchezo wa watoto, na hapa Dar es Salaam si mchezo wa wengi. Niwajuao mimi hawamalizi vidole vya mkono mmoja. Hata hivyo kazi yao yastahili kuhakikiwa kama ihakikiwavyo picha ya mchoraji, kwa kuwa nao wanadai jambo zito: kwamba kitu kilichokaa juu ya kabati ndicho kile kipitacho relini.

Dai hilo huanza kuyumba kwenye jina. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilianza na vichwa vya Kichina. Katika miaka ya 1980 ikapata vichwa vya U30C, usanifu wa General Electric ya Marekani, vilivyoundwa na Krupp ya Ujerumani. Marekani nako kulikuwa na U30C. Basi mkusanyaji huagiza ya Kimarekani, huipaka rangi upya, huandika TAZARA ubavuni, akaridhika. Jina limelingana, mashine haikulingana. Ile ya Marekani ilijengwa kwa reli yenye upana wa milimita 1,435, yetu kwa milimita 1,067, na kiwiliwili chake ni chembamba zaidi. Herufi C yasema tu kuwa kila bogi lina ekseli tatu. Haisemi kichwa kilizaliwa kupita wapi.

Na huo upana wa reli una vituko vyake. Kipimo kipendwacho na wakusanyaji wengi duniani ni 1 kwa 87. Ukipunguza hivyo, reli ya TAZARA yapaswa kuwa milimita 12.26, na Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 kwa upana wa mita moja, milimita 11.5. Viwanda huuza reli ndogo ya milimita 12, kwa hiyo treni zote mbili huwekwa juu yake, moja ikibanwa kidogo, nyingine ikitanuliwa. Mezani zimeungana! Nchini kwenyewe ilibidi kifunguliwe kituo cha kuhamishia mizigo huko Kidatu mwaka 1998, kwa sababu ya tofauti ya milimita 67. Sikatazi mtu kutumia reli hiyo. Nakataa aniambie kuwa amelinganisha.

Treni za plastiki ziuzwazo Kariakoo, zenye bomba la moshi na muziki wa betri, hazinisumbui. Hazidai kuwa treni ya mtu yeyote.

Bali hapo jirani, Gerezani, kwa mafundi bati, nilikuta kichwa kilichokunjwa kwa debe la mafuta ya kula. Magurudumu hayana kadiri na dirisha moja limepinda. Lakini upande mmoja wa chumba cha dereva pua ni fupi, wa pili ni ndefu, na ubavuni kuna njia nyembamba ya kupitia, yenye reli ya kushikilia. Nikakitambua mara moja: 88, vile vichwa vilivyotengenezwa Montreal, ambavyo Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivipata mwaka 1972, kisha vikarithiwa na TRC. Yule fundi hakuwa na picha wala kitabu. Kituo cha reli ki karibu naye, na macho anayo. Rangi ilikuwa imeachwa na mabaka kwenye kona, nami nilipouliza kama atamalizia, alinijibu, “Mzee, imekwisha. Ndivyo vinavyopita.”

Kwa ulinganifu wa kweli, nampa yeye alama nyingi kuliko mwenye U30C ya kuagiza, ingawa rula ingempinga. Na rula nayo ina haki yake. Tangu Juni 2024 abiria wa Morogoro wanabebwa na treni za umeme, juu ya reli ya milimita 1,435, na wapo watoto wa Gerezani ambao dizeli wataiuliza kwa wazee. Mkusanyaji mwenye rula na fundi mwenye macho hawajakutana bado. Kati ya kabati la mmoja na benchi la mwingine ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.