Maktaba ya zamani haina kosa: juu ya dawa tunazopeana za Linux

Wandugu, kuna dawa tatu za Linux zinazozunguka kati yetu wasomi wa informatiki, kutoka Uvira mpaka Bukavu. Mtu anauliza, dakika mbili haziishi, dawa imeshuka. Mimi nasema moja ni sumu, ya pili inatuliza maumivu tu, na ya tatu ni nzuri lakini ilitungwa na watu ambao hawanunui mega. Nitazichambua na mfano mmoja, ju ndio unarudi kila mara.

Mashini nyingi tunazokuta hapa Luberizi, kwa shule, kwa vituo vya afya, kwa nyumba za kupiga chapa, ni okazio. Mtu anaondoa Windows yenye virusi, anaweka Ubuntu 22.04, mashini inapumua. Kisha anataka kuweka programu ya kuandikisha wagonjwa ama wanafunzi, ile kijana fulani alitunga kwa kazi yake ya kumaliza masomo, na programu inataka MongoDB. Sasa, MongoDB tangu toleo la 5.0 la mwaka 2021 inadai prosesa yenye AVX. Intel ilianza kuweka AVX mwaka 2011. Core 2 Duo haina, na hata Pentium na Celeron nyingi zilizouzwa miaka baadaye hazina. Basi unabaki na MongoDB 4.4. Lakini 4.4 ilijengwa juu ya OpenSSL 1.1, na Ubuntu 22.04, iliyotoka Aprili 2022, inakuja na OpenSSL 3 peke yake. Mashini inakataa programu mpya, mfumo unakataa programu ya zamani. Kompyuta inaandika tu kwamba haioni libssl.so.1.1, na wewe mgonjwa wanakungojea kwa benchi.

Kwa wale hawakusoma informatiki: maktaba ni faili yenye kazi zilizokwisha andikwa, programu nyingi zinaziazima badala ya kila moja kuandika zake. Ile namba mwishoni mwa jina, 1.1 ama 3, si pambo. Ni ahadi. Namba ikibaki ileile, programu inajua kwamba kazi zote inazozijua ziko bado na zinaitika vilevile. Ahadi ikivunjika, watengenezaji wanabadilisha namba, na kwa sababu majina ni tofauti, maktaba mbili zinaweza kuishi katika mashini moja bila kupigana. Linux ilipangwa hivyo toka zamani. Kwa hiyo anayesema « Linux haikubali vitu vya zamani » anaisingizia. Swali ni nani anaiweka ile ya zamani, wapi, na nani ataichunga.

Dawa ya kwanza ni kubatiza. Unachukua libssl.so.3, unaitengenezea kiungo chenye jina libssl.so.1.1, unasema imekwisha. Haiishi. Programu inafungua faili, inatafuta ndani alama ya OPENSSL_1_1_0, haioni, inakufa. Na hapo una bahati, ju angalau imekufa mbele yako. Kuna maktaba zingine ambazo hazina alama za namna hiyo ndani. Pale programu inaanza vizuri, inafanya kazi juma zima, halafu inaanguka usiku ama inaandika vitu vya ovyo. Ndugu wa dawa hii ni mbaya zaidi: kunakili libc.so.6 kutoka mfumo mpya na kuibandika juu ya ile ya zamani, kwa sababu programu ilidai GLIBC_2.34. Ukifanya hivyo karibu kila kitu kinazimika, ls, cp, hata sudo ya kujiokoa. Programu ya zamani inatembea juu ya glibc mpya, kinyume chake hapana. Hii dawa tuache kuipeana, hata kwa mchezo.

Ya pili ni kushusha fungu la libssl1.1 la Ubuntu 20.04 na kuliingiza na dpkg. Haifiki hata mega 2, na inafanya kazi palepale. Ndiyo maana watu wanaipenda, na ndiyo maana inanisumbua. Apt ya 22.04 hailijui lile fungu. Kila siku utafanya apt upgrade, itakuambia kila kitu kiko sawa, na ile libssl itabaki vilevile ulivyoileta. Wakati huohuo OpenSSL wenyewe walimaliza kuihudumia 1.1.1 kwa wote tarehe 11 Septemba 2023. Wakubwa kati yetu wanakumbuka Heartbleed ya Aprili 2014: tundu moja ndani ya OpenSSL 1.0.1, na seva za dunia nzima zilikuwa zinavujisha vilivyo katika kumbukumbu yao. Watu wa Debian wana jina kwa mfumo uliochanganywa mafungu ya matoleo tofauti, wanauita kwa jina la Frankenstein. Hawatanii sana.

Ya tatu ni kontena: Docker, ama ndugu zake Snap na Flatpak. Kila programu inakuja na maktaba zake ndani ya sanduku, haigusi za jirani. Kwa akili ni safi kabisa, sina la kubisha. Lakini piga hesabu ukiwa hapa kwetu: kwa tatizo la mega 2 unashusha mega mia kadhaa, kwa simu iliyowekwa dirishani, na kesho kukiwa na toleo jipya unashusha tena. (Kuna wakati, mpaka 2011, Ubuntu ilikuwa inatuma CD za bure kwa posta. Mfumo mzima ndani ya bahasha! Leo hata msumari mmoja unataka intaneti.) Tena kuna kitu watetezi wa kontena hawapendi kusema: maktaba ya zamani ndani ya sanduku ni ya zamani bado, ila hakuna anayeiona. Siku ya Heartbleed, mwenye maktaba ya pamoja alibadilisha fungu moja, akawasha upya huduma, zote zilizoiazima zikapona. Mwenye masanduku kumi anagonga milango kumi.

Mimi naona njia ya nne, ambayo haina sifa nyingi kwa sababu inataka kuandika mistari mitano. Unachukua lile fungu dogo, huliingizi katika mfumo. Unalifungua kwa dpkg -x ndani ya folda yake, tuseme /opt/mongo44. Unaweka humo pia MongoDB 4.4 ile ya tgz. Kisha katika faili ya systemd ya huduma hiyo peke yake unaandika LD_LIBRARY_PATH inayoonyesha folda ndogo ya humo ndani yenye libssl.so.1.1. Si katika .bashrc, tafadhali, ju hapo kila programu utakayoanzisha itaanza kusoma maktaba isiyo yake. Acha MongoDB isikilize 127.0.0.1 tu, kama inavyokuja yenyewe, ili ile maktaba ya uzee isikutane na watu wa nje. Bandika karatasi juu ya mashini: nini kiko /opt, kiliwekwa lini, kwa nini. Siku ya kuondoa, unafuta folda moja.

Mtu atanijibu kwamba hata hivyo ni ya zamani, na MongoDB 4.4 yenyewe iliachwa Februari 2024. Ni kweli, na hapo ndipo lawama yangu kubwa iko, na haiko kwa Linux. Iko kwetu tunaotunga programu. Daftari la wagonjwa mia tatu linatafuta nini kwa MongoDB? Mara nyingi jibu ni kwamba video tuliyofuata ilikuwa na MongoDB. PostgreSQL haidai AVX. SQLite ni faili moja, unainakili kwa funguo ya USB na kwenda nayo Bukavu. Jury inauliza kuhusu michoro na UML, sijasikia ikiuliza: hii itatembea kwa mashini gani, na nani ataifungua baada ya miaka mitano, wewe ukiwa umepata kazi Goma?

Kama kuna mwenzetu aliyekwisha hamisha programu ya namna hiyo kutoka MongoDB kwenda PostgreSQL bila kupoteza majina ya wagonjwa, aandike hapa chini alivyofanya, na ilimkula siku ngapi.