Kusikiliza Maji

Friedrich Kohlrausch, mwanafizikia, alipima maji kwa sikio. Katika maabara zake za Ujerumani, kuelekea mwisho wa karne ya 19, alishika kipokezi cha simu sikioni huku mkono mwingine ukisogeza kitelezi juu ya waya ulionyooshwa. Simu ilivuma kama nzi aliyefungiwa chupani. Kitelezi kikikaribia mahali pake, mvumo ulififia, kikipitiliza, ulirudi. Alichotafuta ni kimya. Pale sauti ilipokufa, uwiano wa ukinzani wa mmumunyo na ukinzani uliojulikana wa daraja la Wheatstone, saketi ya kulinganisha ukinzani, ulikuwa umelingana na uwiano wa sehemu mbili za waya, naye akasoma jibu kwenye waya.

Mvumo huo ulitokana na mkondo geu, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Tumbukiza vipande viwili vya platini katika maji ya chumvi, uviunge na betri: ioni, chembe zenye chaji, zitasongamana kwenye vipande hivyo, yaani elektrodi, viputo vya gesi vitaota, na punde si punde hutakuwa ukipima mmumunyo uliouandaa bali vurugu uliyoizusha mwenyewe. Umeme unaogeuza mwelekeo mara nyingi kila sekunde hauzipi ioni nafasi ya kurundikana. Juu ya hayo alivipaka vipande hivyo platini nyeusi, unga mwororo kama masizi ya chungu, ambao vinyweleo vyake visivyohesabika hulipanua mno eneo linalogusana na maji. Mpimaji alikuwa amejifunza kupita bila kuacha nyayo.

Mwaka 1894, yeye na Adolf Heydweiller walitaka kujua maji matupu, yasiyo na chochote ndani yake, yanapitisha umeme kiasi gani. Maji yalikenekwa katika ombwe mara 42. Nimeirudia namba hiyo mara nyingi kichwani. Mtu anayekeneka mara ya thelathini haoni tofauti yoyote kwa macho. Maji ni yale yale, meupe, na ni kipimo peke yake kinachomwambia kwamba bado kuna kitu. Walifika maikrosimensi (kizio cha upitishaji umeme) 0.043 kwa sentimita, katika nyuzijoto 18. Leo thamani inayokubalika katika nyuzijoto 25 ni 0.055, na kwa kuwa maji hupitisha umeme zaidi yanapopata joto, wawili hao walikuwa wamekaribia sana ukingo wenyewe.

Ukitaka kuelewa ugumu wa kazi yao, acha maji safi namna hiyo wazi mezani. Hewa ya ukaa itayeyuka ndani yake, igeuke asidi dhaifu, na kipimo kitapanda hadi kama maikrosimensi 1. Hujadondosha kitu, hewa tu imepita. Joto nalo halina huruma: nyuzi moja ikiongezeka, upitishaji wa mmumunyo wa kawaida hupanda kwa takriban asilimia 2, hivyo kiganja kilichoishika seli, chombo chenye elektrodi, kwa muda kinatosha kuharibu hesabu. Ndiyo maana fundi makini huiacha seli itulie kwenye hodhi lenye joto lisiloyumba, huisuuza kwa mmumunyo ule ule atakaoupima, kisha huanza na kloridi ya potasiamu: gramu 0.7455 katika lita moja, nyuzijoto 25, maikrosimensi 1413 kwa sentimita. Namba hiyo isipotoka, hapimi kitu kingine.

Uzuri wa ufundi huu hukamilika kwenye titresheni, yaani kudondosha kemikali moja katika nyingine ili kujua kiasi chake. Dondosha hidroksidi ya sodiamu katika asidi hidrokloriki, na upitishaji, badala ya kupanda, utashuka. Ioni ya hidrojeni haisafiri kama nyingine. Chaji yake hupokezwa kutoka molekuli moja ya maji hadi nyingine, kama vibarua waliojipanga wakipeana karai za zege. Sodiamu hujipenyeza kama mchukuzi sokoni, amezungukwa na maji yake. Kwa simensi sentimita mraba kwa moli, uwezo wa ioni ya hidrojeni wa kupitisha umeme ni karibu 350, wa sodiamu 50. Kila tone la besi linaondoa mwepesi na kuleta mzito. Asidi ikiisha, ioni za hidroksidi, zenye karibu 199, zinaanza kubaki, na kipimo kinapanda tena.

Hakuna rangi inayongojwa, kwa hiyo hata kimiminika cheusi au chenye tope hupimika. Wala hakuna haja ya kushika pumzi kwenye tone la mwisho, ambapo mkono hutetemeka. Unachukua vipimo vichache mbali na mahali asidi inapoisha, upande huu na ule, kwa besi iliyo kali kama mara kumi ya asidi ili ujazo usibadilike sana. Kisha unaweka rula kwenye karatasi ya grafu, unachora mstari unaoshuka, unachora unaopanda, na pale inapokatana unasoma mililita ambazo bureti yako, bomba la kudondoshea, haikuwahi kusimamia.