Barua iliyofungua hoteli

Ukitaka kuelewa jinsi England ilivyowatoa maelfu ya watu barabarani majira ya kuchipua ya 2020, janga la Korona lilipoanza, usianzie kwenye hoteli. Anzia kwenye sheria. Halmashauri za huko hazilazimiki kumpa malazi kila anayebisha hodi. Mtu mzima asiye na mtoto wala maradhi makubwa kwa kawaida hayumo miongoni mwa wanaotangulizwa, na hata aliyemo huulizwa ana uhusiano gani na eneo lile. Mhamiaji ambaye viza yake inamnyima msaada wa serikali hukwama mapema zaidi.

Tarehe 26 Machi, Waziri Luke Hall aliziandikia halmashauri: wanaolala nje, pamoja na walio kwenye mabweni ya pamoja, wawe wameingizwa ndani kufikia mwisho wa wiki. Mpango ukaitwa Everyone In, yaani “Wote Ndani”. Maswali yote yale yakawekwa kando.

Mabweni yalitisha kuliko hata barabara. Vitanda hupangwa ukumbini, mara nyingi kanisani, watu wakivuta hewa moja na kutumia choo kimoja. Mgonjwa mmoja angetosha kuwaambukiza wote. Chumba cha hoteli kina mlango wake na choo chake, na kabla ya chanjo hakukuwa na kinga bora ya kumpa mtu. Meya wa London, Sadiq Khan, alikuwa ametangulia siku tano kwa kupata vyumba 300 vya kampuni ya InterContinental.

Wafanyakazi wa mashirika ya kuwasaidia wasio na makazi, kama St Mungo's, walihamia hotelini. Vyumba havikuwa na jiko, kwa hiyo chakula kilipelekwa mlangoni. Wenye dalili walitengwa katika jengo lao, ambako Madaktari Wasio na Mipaka walisaidia kuwauguza. Lakini faida kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa ya kawaida kabisa: mtu aliyekuwa akitafutwa usiku kucha chini ya madaraja sasa alikuwa na namba ya chumba. Muuguzi alijua pa kumkuta kesho. Fomu iliyoanzwa Jumatatu iliweza kumalizwa Alhamisi.

Ndipo ukubwa wa tatizo ulipoonekana. Hesabu ya usiku mmoja, vuli ya 2019, ilikuwa imepata watu 4,266 wanaolala nje. Kufikia Mei walioingizwa ndani walikaribia 15,000, na Januari 2021 waliokwisha kusaidiwa walipita 37,000. Baadhi yao walikuwa wakilala sebuleni kwa jamaa au ndani ya mabasi ya usiku, ambako wahesabuji hawakuwaona. Watafiti walioandika katika jarida la The Lancet Respiratory Medicine walikadiria kwamba hatua hizo zilizuia vifo 266 katika wimbi la kwanza.

Kasoro ilikuwa kwenye hatua iliyofuata. Mwisho wa Mei 2020 serikali ilikuwa tayari ikizikumbusha halmashauri kwamba masharti ya viza yanayowanyima wahamiaji msaada hayajafutwa. Baadhi zikaanza kukataa watu, hadi Mahakama Kuu, Machi 2021, katika kesi dhidi ya halmashauri ya Brighton and Hove, ilipoamua kwamba sheria inaziruhusu kuwahifadhi wahamiaji hao wakati wa janga. Hilo lilipaswa kuandikwa wazi katika barua ile ya kwanza.

California nayo ilianza kwa kukodi vyumba mwaka 2020, lakini haikuishia hapo: mwaka huohuo ikatenga dola milioni 600 kupitia mpango wa Homekey, na hoteli na majengo mengine yenye makazi yapatayo 6,000 yakanunuliwa. Watalii waliporudi, hakukuwa na mwenye hoteli wa kuvidai vyumba hivyo.