Ndani Kipande cha Mti

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wahenga wa pwani waliusema msemo huo ili kuwaonya watu wasighurike na sura, na aghalabu ndio hukumu ya kwanza kutolewa mbele ya kabati la urembo lenye uso uliobinuka na kuvikwa vinia, yaani utando wa mbao ya thamani usiofika hata unene wa milimita 1. Husemwa kwamba kabati hilo ni la uongo: nje mninga, ndani msindano. Kwa wale waliolelewa na kasha la mti mzima na mlango wa Unguja uliochongwa nakshi katika kina cha ubao, shauri huonekana limekwisha kabla ya kusikilizwa.

Yafaa shauri hilo lisikilizwe upya, na Bulongwa ni mahali pema pa kuanzia. Bulongwa iko wilayani Makete, mkoani Njombe, katika nyanda za juu zenye baridi kali. Huko misindano imepandwa milimani hadi imekuwa akiba ya kaya, ya kusomeshea watoto na kujengea nyumba. Mninga hauoti katika baridi hiyo. Ni mti wa miombo na wa nchi zenye joto. Basi fundi wa Bulongwa ana mti wa ndani tele, na mti wa nje hana. Mbao zake zikifika sokoni hujulikana kwa vipimo tu, mbili kwa nne au moja kwa nane, na huishia kuwa kenchi za paa au vibao vya kumwagia zege. Hakuna anayeuliza zilitoka mlima gani. Swali la uhakiki ni hili: je, mti huo una nafasi katika kazi ya urembo, au makao yake ni juu ya dari tu, pasipoonekana?

Jibu limo katika namna uso uliobinuka unavyoundwa. Kuuchonga kutoka gogo moja la mninga ni israfu: sehemu kubwa ya mti huwa maranda, na kinachobaki, kwa unene wake, hupasuka kinapokauka. Kwa hiyo fundi huchukua vipande vifupi vya mbao nyepesi, akavipanga kama matofali, kiungo cha safu ya juu kisikutane na kiungo cha safu ya chini, akavigandisha kwa gundi. Kisha hukata na kupiga randa hadi ukuta huo mdogo upate tumbo lake. Ndipo utando hubandikwa, kwa gundi, kwa joto, na kwa mfuko wa mchanga unaoshika umbo na kugandamiza kila pembe. Msindano unaifaa kazi hii kuliko miti mingi inayosifiwa: ni mwepesi, unapokea gundi, unatii randa.

Lakini una masharti. Ubao usiopangwa kivulini, ukatenganishwa kwa vijiti na kungojewa ukauke sawasawa, huendelea kusinyaa chini ya utando, na baada ya muda mistari ya viungo hujitokeza usoni kama mbavu. Tena kuna siri ambayo mnunuzi haioni. Utando ukibandikwa upande mmoja tu huvuta ubao na kuupinda. Sharti upande wa nyuma nao uvikwe. Ukweli wa kabati hili, basi, haupimwi kwa uso wake. Hupimwa kwa utando wa nyuma, ambao hakuna atakayeusifu.

Wala pwani haina haki ya kuudharau utando. Kasha la Zanzibar lenyewe hupigiliwa mabamba ya shaba na misumari ya vichwa vinavyong'aa, na hakuna aliyeliita ongo. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilizosafirishwa kutoka Zanzibar zilifika Deep River na Ivoryton, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, zikapasuliwa vipande vyembamba vya kufunikia vibonye vya mbao vya piano. Kilichosifiwa ni weupe wa pembe. Mbao iliyokuwa chini yake haikutajwa, wala mabega yaliyozibeba pembe hizo kutoka bara hadi pwani.

Hata hivyo si kila kabati la jinsi hii linastahili kutetewa. Mnamo mwaka 1708 na 1709, fundi André-Charles Boulle alimpelekea Louis XIV wa Ufaransa, katika kasri la Trianon, makabati mawili ya droo yaliyovikwa gamba la kasa na shaba. Yamesifiwa kwa karne tatu. Lakini mapambo ya shaba nyeusi na bamba la marumaru vilikuwa vizito hata miguu minne haikutosha, ikabidi iongezwe mingine minne. Ukilitazama kabati hilo utaona pambo lililoishinda mifupa.

Kosa la namna hiyo lina ndugu yake katika karakana zetu: maua ya kuchonga yanayogundishwa juu ya vinia, kana kwamba nyuzi za mti hazitoshi. Nakshi huishi katika kina, na vinia haina kina; ina nyuzi. Kwa hiyo iulizwe maswali yake yenyewe. Je, tando zilizokatwa kutoka gogo moja zimefunuliwa kama kurasa za kitabu, upande ukitazamana na mwenzake? Je, nyuzi zinapita kutoka droo ya juu hadi ya chini bila kukatika? Na pale tumbo linapobinuka pande mbili, ambapo utando hukataa kulala kama karatasi inavyokataa kufunika chungwa, fundi ameuunga wapi? Kina cha shairi kikilazimishwa, msikilizaji hukigundua hata kama hajui kanuni. Na kiungo kilicholazimishwa ni vivyo hivyo.

Ipo pia hasara isiyohusu urembo. Mninga hukua polepole, kwa makumi ya miaka, nao umekatwa sana. Ubao mmoja unaotosha mlango mmoja wa kabati la mti mzima, ukipasuliwa tando, huvika makabati kadhaa. Hivyo vinia huuhifadhi mninga, na huupa msindano wa Makete thamani isiyoishia kwenye paa. Lakini leo mti huo huondoka milimani ukiwa ubao usio na jina, na ukiingia katika fanicha hupotea chini ya jina la mwingine: "kabati la mninga". Uongo uko hapo, katika jina, wala si katika gundi.

Wauzaji watajibu kwamba mnunuzi akisikia neno msindano hupunguza bei. Hofu yake ina sababu: amekwishauziwa misindano iliyokatwa michanga, yenye mafundo na maji, ikapinda kabla ya mwaka kwisha. Mpanda miti naye ana hoja yake, kwa kuwa ada ya shule haingoji mti ukomae. Kumtaka angoje bila kumlipa kwa kungoja kwake ni kumhubiria mwenye njaa. Jina la kweli litakuwa na maana pale bei itakapotofautisha ubao uliokomaa na kukaushwa na ule uliokatwa kwa haraka.

Ipo methali nyingine ya pwani: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anayetaka kulihukumu kabati la uso uliobinuka na avute droo, aligeuze, apapase mgongo wake. Akikuta huko kumevikwa kwa uangalifu uleule wa mbele, na msindano wa ndani umetulia, kile kipande cha mti hakitakuwa tena aibu ya mkakasi. Na aulize ulipandwa wapi.