Deni, Dhambi na Neno: Lugha ya Kwanza katika Kiyunani cha Agano Jipya

Katika karne ya 3 Dionisio, Askofu wa Aleksandria, aliusoma Ufunuo wa Yohana akaona ya kuwa mwandishi wake hakukimudu Kiyunani barabara. Hukumu hiyo imehifadhiwa na Eusebio katika Historia ya Kanisa, na ingali inarudiwa madarasani. Baadaye walitokea wataalamu waliodai kinyume chake, kwamba Kiyunani hicho ni lugha ya pekee ya Roho Mtakatifu. Adolf Deissmann, katika vitabu vyake vya 1895 na 1908, aliwajibu kwa ushahidi wa mafunjo ya Misri: hicho ni Kiyunani cha watu wa kawaida. Alisema kweli. Ila kwa kuushangilia ushahidi huo, naona, aliipunguzia mno lugha ya mama sehemu yake.

Tuitazame Sala ya Bwana. Kiaramu hutumia neno moja, hoba, kwa deni la fedha na kwa dhambi. Mathayo 6:12 imeandika opheilemata, yaani madeni. Luka 11:4 imeandika hamartias, dhambi; lakini katika nusu ya pili ya aya hiyo hiyo habari ya mwenye kuwiwa imebaki, na mshono unaonekana. Neno la Kiyunani limepewa mipaka ya neno la Kiaramu. Je, mhubiri aweza kujenga juu ya neno hilo peke yake fundisho la Mungu aliye mdai? Hawezi. Picha ya deni imo katika Injili (Mathayo 18:23–35), lakini huko inabebwa na mfano mzima. James Barr alituonya juu ya kosa hili mwaka 1961: maana hukaa katika sentensi, wala muundo wa lugha si ramani ya mawazo ya taifa. Wanafunzi wetu wangali wanapenda kuandika kwamba "Mwebrania alifikiri hivi, Myunani vile", na sisi walimu twawapa alama nzuri.

Sisi wenyewe tunalijua jambo hili. Anayekulia katika Kiswahili huazima kitabu na humwazima mwenzake kitabu, kwa kitenzi kimoja. Akiandika Kiingereza, huchanganya vitenzi viwili. Husikia sauti, husikia njaa, husikia harufu pia. Hakuna anayesema kwamba Mswahili hajui tofauti ya pua na sikio, wala ya kutoa na kupokea!

Luka 2:15 inadai uangalifu zaidi. Wachungaji wanataka kwenda Bethlehemu kuliona rhema lililotukia. Rhema ni neno lililosemwa, nalo halionekani kwa macho. Nyuma yake yuko dabar wa Kiebrania, neno na jambo kwa pamoja. Lakini Luka, kwa kadiri tuwezavyo kuona, aliandika Kiyunani kama mtu aliyekizoea tangu utoto. Yamkini aliipata matumizi hiyo katika Septuaginta, akaifuata kwa kusudi, kama mzee wa kanisa asalivyo kwa Kiswahili cha Biblia ingawa nyumbani hasemi hivyo. Basi kabla ya kuandika "athari ya Kiaramu" pembeni mwa aya, mwanafunzi aifungue kwanza Septuaginta. Msomaji wa Kiswahili hapa ana nafuu asiyokuwa nayo Mjerumani wala Mwingereza, kwa maana akiulizwa "kuna neno gani?" hujibu habari ya jambo, na akisema "si neno" amekwisha kusamehe.