Anuwai ya Vijidudu: Neno Moja, Vipimo Vingi

Katika maandishi ya sayansi kwa Kiswahili neno anuwai limekwisha kupata makao. Asili yake ni Kiarabu, ambako ni wingi wa neno lenye maana ya "aina", na waliounda neno bioanuwai walichagua vema. Taabu huanza pale neno hilo linapotwikwa hesabu. Mwandishi asemaye kwamba udongo wa shamba fulani una "anuwai kubwa ya vijidudu" hudhani amesema jambo moja, kumbe amesema mawili au matatu, na kila moja lina kipimo chake.

Mashamba ya Bukoba na Muleba yaonyesha jambo hili vizuri, kwa sababu tofauti zake huonekana kwa macho kabla ya kutafutwa kwa darubini. Na vichukuliwe, kwa mfano tu, vibanja viwili vyenye migomba 100 kila kimoja. Cha kwanza kina aina 4, migomba 25 kwa kila aina. Cha pili pia kina aina 4, lakini 97 ni ya aina moja, na zile tatu zina mgomba mmoja mmoja. Ahesabuye aina atasema vibanja hivi ni sawa. Kipimo alichokitoa Shannon mwaka 1948 katika nadharia ya mawasiliano hukipa cha kwanza 1.39 na cha pili 0.17. Lakini 0.17 ya nini? Hapo ndipo wengi hunyamaza. Hill alionyesha mwaka 1973 jinsi ya kuvirudisha vipimo hivi vyote kwenye hesabu ya aina, na kwa njia yake kibanja cha pili kina aina 4 zikihesabiwa zote sawasawa, aina 1.18 kwa Shannon, na aina 1.06 kwa kipimo cha Simpson cha mwaka 1949, ambacho huzitazama zaidi zile zilizo nyingi. Mkulima wa Kamachumu angesema kwamba kibanja hicho ni cha aina moja, na zile nyingine ni za kuonja tu. Angekuwa karibu sana na Simpson.

Basi neno anuwai, kwa asili yake, huegemea upande wa kuhesabu aina. Usawa wa mgawanyo haumo ndani yake. Mwaka 2012 Bettina Rossmann na wenzake walieleza kwamba vijidudu waishio pamoja na migomba ya Uganda ni vya namna nyingi mno, na papo hapo vimetawaliwa na jamaa moja ya bakteria. Maneno hayo mawili hayapingani, ila katika Kiswahili cha sasa yanaelekea kupingana, kwa kuwa "anuwai kubwa" husomwa kana kwamba hakuna atawalaye.

Hata kule kuhesabu aina si kwepesi. Kipimo cha Chao cha mwaka 1984 hukisia aina zisizoonekana kwa kutazama zile zilizoonekana mara moja au mbili tu. Kwa migomba hilo ni jambo jema. Kwa vijidudu wanaotambuliwa kwa kusoma vinasaba, kosa dogo la usomaji huzaa "aina" iliyoonekana mara moja, na kipimo hulipokea kosa hilo kama kiumbe.

Wahaya hutenga kibanja, shamba la migomba lililorutubishwa kwa samadi na nyasi miaka mingi, na rweya, mbuga ya nyasi yenye udongo hafifu. Udongo wa mahali hapo pawili waweza kupata namba ile ile ya Shannon bila kuwa na kijidudu hata kimoja cha shirika. Anayetaka kujua kama kibanja na rweya vimetofautiana ahitaji kipimo cha kulinganisha orodha mbili, kama kile cha Bray na Curtis cha mwaka 1957. Tena kukiita hicho nacho "anuwai" bila sifa ya kukibainisha ni kumpoteza msomaji.

Lipo kosa jingine, la kudhani kwamba anuwai kubwa ni afya siku zote. Rubisi yaonyesha kinyume. Maji ya ndizi mbivu yaliyotiwa unga wa mtama huanza na vijidudu wa kila namna, kisha chachu hushika utawala na kileo huwapunguza wengine. Rubisi iliyokolea ni ile ambayo usawa umevunjika.

Jambo zito zaidi ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa wa migomba ulioonekana Uganda mwaka 2001 na kisha ukaingia Kagera. Bakteria wake waweza kukaa ndani ya mgomba usioonyesha dalili, na chipukizi likachukuliwa kupandwa kwa jirani. Wakiwa wachache, kipimo cha Simpson karibu hakiwaoni. Cha Shannon huwaona kwa shida. Hesabu ya aina huwaona, lakini huwapa uzito ule ule wa kijidudu asiyedhuru. Anayeuliza kama chipukizi hilo ni salama hakuuliza habari ya anuwai hata kidogo. Ameuliza kama kiumbe fulani yumo au hayumo, na hilo hujibiwa kwa kumtafuta huyo mmoja.